Mama Alipenda Nini?

Wale wenye umri mkubwa wanazikumbuka sahani za santuri. Kila sahani ndogo ilikuwa na nyuso mbili, na kila uso ulibeba wimbo mmoja. Katika uso wa kwanza waliweka wimbo uliotumainiwa kuuzwa. Huo ndio uliopigwa redioni, na huo ndio watu waliouulizia dukani. Katika uso wa pili waliweka wimbo mwingine, maana hakuna sahani ya uso mmoja. Mnunuzi aliupata kama nyongeza, sawa na mtu anayenunua mkungu wa ndizi akaongezewa chungwa. Wako waliokuwa na sahani miaka mingi wasiigeuze hata mara moja.

Leo nataka kusema nanyi habari za wimbo mmoja wa uso wa pili. Mwimbaji wake anajulikana dunia nzima, lakini wimbo wenyewe wanaujua wachache. Sisi wachache tunaoupenda twaona ya kuwa umepunjwa. Siandiki ili kumsifu mwimbaji, maana yeye amekwisha sifiwa vya kutosha. Naandika kwa sababu ndani ya wimbo huu limo swali moja ambalo lafaa kuulizwa katika kila nyumba, yako na yangu.

Mwimbaji ni Elvis Presley, Mmarekani. Alizaliwa tarehe 8 Januari 1935 katika mji mdogo wa Tupelo, jimbo la Mississippi, ndani ya nyumba ya vyumba viwili tu. Walikuwa mapacha, lakini nduguye alizaliwa amekwisha kufa, naye Elvis akabaki mtoto wa pekee wa wazazi wake, Vernon na Gladys. Walikuwa watu maskini. Mama alipata kufanya kazi ya kushona katika kiwanda cha nguo. Mtoto alipotimiza miaka 11 alinunuliwa gita, ingawa moyo wake ulikuwa juu ya kitu kingine dukani mle. Mwaka 1948 jamaa hao walihamia mji wa Memphis, jimbo la Tennessee, kutafuta maisha, na huko Gladys akapata kazi ya kuwasaidia wauguzi katika hospitali ya Mtakatifu Yosefu. Mwaka 1954 kijana alianza kutoa sahani zake, na kufika mwaka 1956 jina lake lilikuwa limeenea Marekani yote.

Wazee wengi wa wakati ule hawakumpenda, kwa vile alivyotikisa mwili akiimba. Walakini alikuwa mtu aliyelelewa katika nyimbo za kanisa. Tena ni ajabu kwamba tuzo zote 3 za Grammy alizozipata kwa uimbaji wake zilikuwa za nyimbo za dini, wala si hata moja kwa zile za kucheza zilizowaudhi wazee.

Mamaye alimpenda mno. Fedha zilipoanza kuingia, mwaka 1955, alimpa motokaa ya Cadillac ya rangi ya waridi. Ilikuwa motokaa ya fahari, lakini Gladys hakuwa na leseni wala hakuwa dereva. Mwaka 1957 Elvis alinunua jumba kubwa huko Memphis, liitwalo Graceland, akakaa humo pamoja na wazazi wake. Na katikati ya fahari ile yote, unajua mama alifanya nini? Alifuga kuku uani. Motokaa ilikuwa zawadi ya mwana; kuku walikuwa mapenzi ya mama. Tafadhali ishike habari hiyo, maana nitairudia.

Mwaka 1958 Elvis aliitwa jeshini. Mwezi wa Agosti mamaye akaugua, naye akapewa ruhusa kwenda kumwona. Tarehe 14 Gladys akafariki dunia akiwa na miaka 46. Mwana alikuwa na miaka 23, na waliokuwapo mazishini walisimulia jinsi alivyolia mbele ya watu bila kujizuia. Mwezi uliofuata akasafiri na jeshi kwenda Ujerumani.

Miaka 10 ikapita na zaidi. Sehemu kubwa ya miaka hiyo aliimalizia katika filamu nyepesi, na watu wakadhani mwimbaji yule amekwisha. Ndipo Januari 1969 alipoingia katika studio ya American Sound hapo Memphis, chini ya uongozi wa Chips Moman. Katika kazi ya Januari na Februari mwaka ule zilipatikana nyimbo kama "In the Ghetto" na "Suspicious Minds", zilizomrudishia heshima yake. Na katika mwezi ule wa Januari, pamoja na wapigaji wale wale, aliimba wimbo ninaousema: "Mama Liked the Roses". Kwa lugha yetu ni kama kusema, Mama alipenda mawaridi.

Wimbo huo hakuutunga yeye. Mtungaji ni Johnny Christopher. Nao ni mfupi, hautimizi dakika 3, na habari yake ni ndogo. Mtu anakumbuka kwamba mamaye alipanda mawaridi uani. Katika nchi yao majira ya baridi huua maua, hivyo mama alipata taabu kuyatunza. Aliyaleta ndani kuipamba sebule, watoto wakayaona. Mtu huyo akisikia kengele za Jumapili humkumbuka mama. Katika Biblia ya nyumbani limebaki ua moja lililokauka katikati ya kurasa. Na sasa watoto humpelekea mama mawaridi kaburini siku ya Sikukuu ya Mama, ambayo Wamarekani huiadhimisha Jumapili ya pili ya mwezi wa Mei tangu 1914. Basi, ndiyo habari yote. Hakuna muujiza, wala hakuna mausia marefu kitandani.

Mwimbaji anaanza kwa sauti ya chini, kama mtu anayezungumza na jirani barazani jioni. Polepole sauti inapanda, na wanawake wanaitikia nyuma yake. Lakini hapigi makelele. Mtu aliyekuwa na nguvu za kutikisa jumba la maelfu ya watu anazizuia nguvu zake kwa sababu anamtaja mama.

Sasa, wimbo huo ulifichwaje? Mwezi wa Aprili 1970 ulitolewa katika sahani yenye "The Wonder of You" katika uso wa kwanza. Wimbo huo wa kwanza Elvis aliuimba mbele ya watu huko Las Vegas mwezi wa Februari mwaka ule, ukapendwa kupita kiasi. Huko Uingereza ulishika nafasi ya kwanza kwa majuma 6. Mawaridi ya mama yakakaa nyuma yake. Halafu, mwaka huo huo wa 1970, waliuingiza tena wimbo huu katika sahani kubwa ya nyimbo za Noeli iliyouzwa kwa bei nafuu, ingawa ndani yake halimo neno hata moja la Noeli. Ulikuwa kama mgeni asiye na kiti, anayeketishwa popote penye nafasi.

Lakini uso wa pili si hukumu ya milele. Johnny Christopher huyo huyo, pamoja na wenzake wawili, alitunga wimbo mwingine, "Always on My Mind". Elvis aliuimba mwaka 1972, nao huko Marekani ukatolewa katika uso wa pili vile vile. Mwaka 1982 akauimba Willie Nelson, na leo unaimbwa pembe zote za dunia. Kwa hiyo kuwekwa nyuma hakuonyeshi udogo wa wimbo. Kunaonyesha tu nani aliyepanga sahani.

Hapa kijijini kwetu wapenzi wa wimbo huu tu watu wanne: mpiga kinanda wa kwaya, mwalimu mmoja mstaafu, mama mmoja fundi cherehani, na mimi. Jumamosi baada ya mazoezi ya kwaya huusikiliza katika simu yangu, tukiiweka ndani ya bakuli la bati ili sauti ikue. Mpiga kinanda asema, "Mwimbaji mwenye sauti kubwa utamjua siku anapoizuia." Mwalimu asema uzuri wake ni kwamba hauombi machozi, nayo yaja yenyewe. Lakini neno lililotushinda sote alilisema yule fundi cherehani. Yeye hajui Kiingereza, kwa hiyo nilimweleza maana ya wimbo kidogo kidogo. Nilipokwisha, alikaa kimya, akakunja kitambaa alichokuwa nacho, akasema, "Kumbe huyo mama alikuwa na kitu chake."

Alikuwa na kitu chake! Tazama, msomaji, jinsi neno hilo lilivyo zito. Nyimbo za kumsifu mama tunazo nyingi, nami nazipenda. Nyingi zasema: mama alinibeba miezi tisa, mama alininyonyesha, mama alilala na njaa ili mimi nishibe. Yote ni kweli, wala hatuna budi kuyasema. Lakini ukiangalia vizuri, katika nyimbo hizo kila jambo lahusu mimi. Mama anasifiwa kwa yale aliyonitendea. Wimbo huu wa mawaridi hausemi hivyo. Unasema kile alichokipenda yeye. Hakuyapanda mawaridi kwa ajili ya tumbo la mtu. Aliyapanda kwa sababu yalimfurahisha, naye akawagawia watoto furaha hiyo kwa kuyaweka sebuleni. Kwa hiyo yule mwana anapobeba mawaridi kwenda kaburini, habebi ua tu. Ni kama anasema, "Mama, nilikuwa nakutazama. Nilijua wewe ni nani."

Mzee mmoja wetu, katekista wa zamani, alitusikia akatucheka. Akasema, "Mawaridi hayaliwi. Mama apewe unga na blanketi. Maua ni mambo ya Wazungu." Nilimheshimu kwa neno lake, maana ni kweli wako akina mama wanaokosa unga huku watoto wao wakila mjini. Mwana anayemwimbia mama nyimbo nzuri na kumwacha bila chumvi, wimbo wake ni kelele. Lakini nilimjibu hivi: "Mzee wangu, unga ni haki yake, si zawadi. Na wala hatusemi habari za maua. Yule mama wa Marekani alipenda mawaridi. Wa kwetu huenda anapenda kitu kingine. Neno ni kwamba mwanawe amekijua." Hapo nikamkumbusha habari za motokaa na kuku. Kama hata mtu aliyempenda mamaye kama Elvis alimpa motokaa asiyeweza kuiendesha, je, sisi? Twaweza kuleta bati, twaweza kuleta simu na vitenge, na bado tusijue mama anafurahi kwa nini akiwa peke yake. Mzee hakunijibu, ila aliniomba niupige wimbo tena.

Nawaambieni kwa nini jambo hili lanigusa. Mimi ni karani wa parokia. Nilisomea ualimu, lakini kazi yangu leo ni madaftari: la ubatizo, la ndoa, la marehemu. Mtu akifiwa, huja mezani pangu. Wanaume wazima huja, wenye mvi, kuandikisha kifo cha mama yao. Nauliza, "Jina la marehemu?" Hujibu, "Mama Yohane." Nauliza, "Jina lake la ubatizo?" Hutazamana. Mmoja hutoka nje kumtafuta shangazi. Si kwamba hawakumpenda. Macho yao ni mekundu kwa kulia. Ila maisha yao yote alikuwa mama wa fulani, na jina lake mwenyewe lilikaa uso wa pili.

Tena, kwa kuwa mimi ni karani, watu huniomba niwaandikie historia fupi ya marehemu ya kusomwa mazishini. Nanyi mnajua inavyokuwa: alizaliwa mwaka fulani, aliolewa mwaka fulani, alijaliwa watoto 8, aliugua, alitibiwa, alifariki, ameacha wajukuu 23. Ni sahihi, lakini ukibadili tarehe yaweza kuwa ya mama yeyote. Tangu niupende wimbo huu nimeongeza swali moja. Nikimaliza tarehe na hesabu ya wajukuu nauliza, "Marehemu alipenda nini?"

Hapo watu hunyamaza. Wengine hujibu, "Alipenda watoto wake." Wengine, "Alipenda kazi." Nangoja. Siku moja, wakubwa walipokuwa wamekosa jibu, mjukuu wa miaka kama 7 aliyesimama mlangoni akasema, "Bibi alipenda kutafuna mchele mbichi. Alikuwa anauficha kwenye pindo la khanga." Wote wakageuka. Binti wa marehemu akaanza kucheka, halafu akalia, halafu akasema, "Ni kweli! Tulikuwa tunausikia ukiliwa usiku." Nikaandika. Mazishini, sentensi hiyo iliposomwa, watu walicheka kidogo na kulia sana, na kila mtu pale alijua ni nani anayezikwa. Katika historia yote ya mama yule, sentensi hiyo moja ndiyo isiyoweza kusomwa kaburini kwa mwingine.

Kwa bahati njema mama yangu mwenyewe yu hai. Basi nilikwenda kumwuliza kabla mtu mwingine hajaniuliza mimi. Nilimkuta anapepeta maharage.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Umekula?"

"Nimekula. Mama, nina swali. Wewe unapenda nini?"

"Sukari bado ipo," akajibu. "Labda sabuni, ukipata."

Nikamwambia, "Siulizi unachohitaji. Nauliza kitu unachokipenda wewe, kinachokufurahisha."

Aliacha kupepeta. Alinitazama kama anayepima kama nina akili timamu. Kisha akasema polepole, "Basi la jioni. Napenda likipita pale barabarani, taa zikiwaka ndani, watu wamekaa. Hata kama hashuki mtu wangu. Napenda tu kuliona."

Wasomaji wapenzi, mama huyo amenilea, na kila jioni alikuwa akitoka kusimama karibu na mchongoma saa ile. Sisi watoto tulisema anakwenda kuangalia mbuzi. Leo nyuma ya mchongoma ule pana kigoda, nami nikiwapo nyumbani jioni nakaa naye tukilingoja basi. Halina faida yoyote. Likipita, yeye husema, "Leo limejaa," au, "Leo limechelewa," nasi tunarudi ndani kula.

Ndiyo maana nasema wimbo huu umepunjwa. Wapenzi wake hatudai kwamba ni mkubwa kuliko nyimbo zote za Elvis. Anazo zenye nguvu zaidi, na zenye sauti ya juu zaidi. Lakini ni wachache waimbaji walioweza kumtaja mama bila kujitaja wenyewe kwanza, na huo ndio uzuri wake. Elvis alifariki tarehe 16 Agosti 1977, akiwa na miaka 42, na mwezi wa Oktoba mwaka ule mabaki yake na ya mamaye yalihamishwa, yakazikwa katika bustani ya Graceland, mmoja karibu na mwenziwe. Watu kutoka nchi nyingi huenda pale na maua. Sijui wangapi kati yao hukumbuka kuku wa Gladys, mimi nawakumbuka.

Nawe, msomaji, kama mama yako yu hai, muulize. Usimwulize katika simu kwa haraka, maana atakuambia sukari. Nenda, kaa, umsaidie kazi iliyo mikononi mwake, kisha uulize, na akitaja sabuni uulize mara ya pili. Akikujibu, usicheke. Kama amekwisha kufariki, wauliza shangazi zako na mama zako wadogo, na zaidi ya wote waulize wajukuu wadogo, kwa kuwa hao huona mengi. Jibu hilo liandike katika kitabu kinachotunzwa nyumbani, pamoja na jina lake kamili. Na siku utakapokuja mezani pangu na macho mekundu, nitakapokuuliza, utakuwa na neno la kunijibu.